Mwanangu ndiye mdomo wangu hapa Torino, na sasa amenidanganya

Shikamoo Bi Mshauri,

Naandika usiku, watoto wamelala. Mume wangu yuko barabarani. Ni dereva wa lori, hutoka Jumatatu na kurudi Ijumaa usiku. Mimi ni mama wa miaka 37, mzaliwa wa kijiji kimoja karibu na Malindi, na huu ni mwaka wa nane naishi Torino, kaskazini mwa Italia. Tuna watoto wawili. Binti ana miaka 13, nilikuja naye akiwa na mitano. Mdogo wake wa kiume alizaliwa huku, ana sita.

Mume wangu alikuwa mhudumu wa mezani hotelini Malindi. Malindi waijua mwenyewe, Waitaliano wamejaa hadi watoto wa ufuoni husema "ciao" kabla hawajajua kuvaa viatu. Kitaliano alikiokota huko huko, na alipokuja huku 2013 alikuwa akikisema kama maji. Mimi sikuwa mtu wa hoteli. Nilikuwa na mama yangu tukiuza mahamri na mbaazi asubuhi, na Kitaliano kwangu kilikuwa kama redio ya jirani: naisikia, lakini haisemi na mimi.

Huku nafanya kazi ya usafi wa maofisi. Naamka saa kumi alfajiri, nashika tramu namba 4, na kufika saa kumi na mbili nishakunja mikono napiga deki, mpaka saa tatu na nusu. Wenzangu ni Mnigeria, Mmoroko na mama mmoja wa Peru, twasemezana kwa mikono na macho. Kitaliano changu ni cha ndoo na fagio: finito, domani, bagnato, permesso. Niliwahi kwenda darasani, zile shule za serikali za watu wazima. Nikakaa wiki tatu. Nilikuwa na mimba ya huyu mdogo, usingizi umenikaba, na siku mwalimu aliponiita nisome ubaoni kijana mmoja nyuma akacheka. Sikurudi.

Basi mdomo wangu ni binti yangu. Tangu ana miaka minane naenda naye posta, naenda naye kwa wale wa CAF wanaojaza makaratasi ya posho ya watoto, naenda naye Questura kwa polisi nikihuisha kibali changu. Mume wangu na watoto wana ile carta, kibali cha kuishi cha muda mrefu. Mimi bado, maana kuna mtihani wa lugha. Siku nyingine hukosa shule asubuhi kwa sababu ofisi nyingi mchana zimefungwa, lakini ni mtoto mwenye akili, masomo huyafuata mwenyewe jioni. Asubuhi nikiwa kazini yeye ndiye humvisha mdogo wake na kumfikisha shule.

Nikupe mfano ujue alivyo hodari. Kuna bibi mmoja wa Kitaliano ghorofa ya chini yetu. Jumapili moja baada ya chakula cha mchana nilikuwa natwanga kisamvu, akapanda hadi mlangoni. Alisema, Bi Mshauri! Alisema huku kidole kinacheza na shingo imekuwa nyekundu. Alipomaliza, mwanangu akanigeukia taratibu: "Mama, anasema samahani, anaomba usitwange saa hizi, huwa amelala." Nilicheka moyoni. Maneno yale yalikuwa mengi kuliko hayo, na samahani sidhani kama ilikuwamo. Nikamkaangia yule bibi sambusa, nikampelekea. Sasa tukikutana kwenye ngazi hunisalimia yeye kwanza.

Lakini mwaka jana kulitokea jambo ambalo mpaka leo sijamwambia mtu. Nilikuwa natoka damu vibaya, nikapewa miadi kwa daktari wa kina mama. Nilikwenda naye kama kawaida. Daktari anaandika, haniangalii mimi, anamwangalia mtoto. Mtoto akaniuliza, "Mama, anataka kujua umebeba mimba ngapi." Nikamwambia nne. Akanyamaza. "Nne? Sisi tuko wawili." Nikamwambia, mwambie nne. Akamgeukia daktari akasema "quattro", kwa sauti ya chini. Daktari akauliza mengine, na yote yakapitia kinywani mwake, akiwa na mkoba wa shule mgongoni. Tukarudi na tramu bila kusema neno. Hajaniuliza hata leo.

Sasa lililonileta. Binti yuko terza media, mwaka wa mwisho wa shule ya kati. Mwezi wa Desemba tuliitwa shuleni. Walimu wawili, mmoja alieleza kwa muda mrefu, akatupa karatasi. Mwanangu akanifasiria: "Wamesema naendelea vizuri, wanashauri niende liceo." Liceo ni sekondari ya kuandaa watoto kwa chuo kikuu. Nilifurahi nikamshika mwalimu mkono kwa mikono yangu yote miwili, grazie, grazie. Nakumbuka alinitazama kwa namna ya ajabu. Nikatuma ujumbe nyumbani, mama yangu akapiga vigelegele kwenye simu, nimevihifadhi mpaka leo.

Jumamosi mume wangu akaiona ile karatasi ndani ya faili lake. Imeandikwa istituto professionale, yaani shule ya ufundi. Imeandikwa masomo yameshuka, amekosa siku nyingi, wazazi waombe mkutano. Akafungua rejista ya shule ya mtandaoni, ambayo neno lake la siri analo mtoto kwa sababu mimi siwezi kuitumia, akakuta kila siku aliyokosa imetolewa udhuru kwa jina langu: motivi familiari. Sababu za kifamilia.

Nilimshukuru mwalimu, Bi Mshauri, huku nikitabasamu, kwa kuniambia kwamba mwanangu anaanguka.

Mume wangu amesema Ulaya imemharibu. Shule zikifungwa mwezi wa sita anampeleka kwa dada yake Kilifi, aingie kidato cha kwanza shule ya bweni, afunzwe adabu, akimaliza cha nne atarudi. Mama mkwe amekubali. Binti hakulia. Aliniambia tu tukiwa jikoni: "Mkinipeleka, nani ataenda na wewe kwa daktari?" Sijui kama ni mapenzi yale au ni kunitisha.

Nikubaliane na baba yake? Na mtoto akishaonja uongo wa namna hii, huacha?

Mama wa Ghorofa ya Tatu, Torino

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu ya risasi mkononi. Unaniuliza kama binti arudishwe Kilifi kwa kuwa amekudanganya mbele ya walimu wake, ukashukuru mahali pa kusikitika. Aibu hiyo naielewa. Mtu mzima kutabasamu mbele ya watu na asijue anatabasamia nini, hilo humrudia mtu usiku hata baada ya miaka. Huna haja ya kuniomba radhi kwa kuumia.

Lakini niruhusu nirudi kwa yule bibi wa ghorofa ya chini, maana nadhani umempitia haraka.

Siku ile binti yako alichukua maneno makali akayapika upya, akakupa yale ambayo ungeweza kuyameza. Wewe ulijua. Ukacheka moyoni, ukakaanga sambusa, na ujirani ukapona. Miaka mingapi amekuwa akifanya hivyo? Dirishani posta mtu akinguruma, kwa polisi foleni ikichacha, ni nani anayesimama katikati, na anakupa wewe kiasi gani cha alichosikia? Nakisia kwamba mtoto huyu amejifunza zamani kuwa kazi yake ni kufikisha maneno bila kumuumiza mama. Shuleni alifanya kazi ile ile. Tofauti ni kwamba safari hii maneno makali yalikuwa yanamhusu yeye.

Simtetei. Kusema liceo mahali palipoandikwa professionale ni jambo zito, na ninyi wazazi mna haki ya kumwambia hivyo waziwazi. Nakuuliza tu kama "uongo" ni jina linalolitosha jambo lenyewe. Husemwa mjumbe hauawi. Lakini hapa mlimpa mjumbe barua ya mashtaka yake mwenyewe, mkamwambia asome kwa sauti.

Kuna sentensi nyingine uliyoipitisha haraka, nayo nimeipigia mstari: "Siku nyingine hukosa shule asubuhi." Nadhani siku hizo na zile alizokuta mume wako kwenye rejista ni zile zile, au nyingi kati yake. Keti nazo moja moja, ulinganishe na makaratasi yako ya miadi, utajua mwenyewe. Kama ndivyo, basi pale alipoandika sababu za kifamilia hakuandika uongo hata kidogo. Shule ya kati Italia hudai mwanafunzi ahudhurie angalau robo tatu ya saa za mwaka ndipo mwaka uhesabiwe, isipokuwa kwa udhuru maalumu ambao walimu wameukubali. Zungumzeni na shule mapema, kabla hesabu haijafungwa. Na mume wako ajue siku hizo zilikwenda wapi. Hilo ni lako kumwambia, na najua si rahisi, maana yeye ana jibu lake tayari: mimi Kitaliano nilikiokota ufuoni, wewe miaka minane! Ufuoni alikuwa akilipwa kuongea na watu. Wewe unalipwa kusafisha ofisi ambazo wenyewe hawajafika.

Sasa zile nne.

Nimekaa sana na aya ile. Mtoto wa miaka 12 au 13, mkoba mgongoni, amepata habari za nduguze wawili ambao hawapo kwa njia ya swali la fomu, kisha akatakiwa aitafsiri habari hiyo papo hapo kwa lugha nyingine. Na wewe siri yako ya ndani kabisa ikapita kinywani mwa mwanao kabla hujapata nafasi ya kuamua kama utamwambia au la. Mliumia wote wawili kwenye chumba kile, na daktari naye alipaswa kuliona. Hajakuuliza hata leo, unasema. Pengine anangoja. Pengine anaogopa jibu, au amekwisha kujitungia lake, na watoto hujitungia mabaya kuliko yaliyotokea. Kumweleza kuna hatari yake: utalia mbele yake, naye atajiona tena ndiye wa kukubeba. Kutomweleza nako kuna hatari, kwamba ataendelea kuwa mtu anayejua mambo yako ambayo hamwezi kuyataja. Ukichagua kusema, si lazima useme yote. Kwamba walikuwapo, kwamba hawakukaa, kwamba yeye hakukosea kuuliza. Mnaweza kusema mkichambua mchicha, bila kutazamana. Mimi mambo mazito mengi niliambiwa na mama yangu tukiwa tumeinamia ungo.

Kuhusu daktari, kuna jambo la kutendeka hata wiki hii. Hospitali nyingi za huko, na vituo vya afya ya familia vinavyoitwa consultorio, hutumia wakalimani wanaoitwa mediatori culturali. Huombwa mapema, unapoweka miadi, si ukishafika mlangoni. Wa Kiswahili ni adimu, lakini wewe umesoma Kenya. Kiingereza cha darasa la nane, hata kikiwa na kutu, kinatosha kusema mahali panapouma. Wa Kiingereza hupatikana kwa urahisi zaidi. Ukikosa kabisa, mume wako aweza kusikiliza kwa simu akiwa ameegesha lori. Kuna wanawake ambao hawataki mume asikie mambo hayo, na kama ni hivyo kwako usijilazimishe, mtafute mwanamke mwenzio.

Tuje kwa baba. Sitaki umwone kama adui katika jambo hili. Mtu anayelala ndani ya lori siku nne kwa wiki akarudi kukuta karatasi kama ile, hofu humjia kwa sura ya hasira. Kilifi anayoiwaza ni ile aliyokulia, ambako kila mtu mzima njiani ni mzazi wako. Na kuna ukweli ndani yake. Binti huyu akifika kwa shangazi yake atakuwa mtoto tena. Atatumwa dukani kwa lugha yake, hatatafsiri neno, atalala na binamu zake chumba kimoja wakicheka mpaka wakemewe. Nimeona watoto waliopelekwa nyumbani wakachanua.

Nimeona na waliosikia neno moja tu katika safari nzima: nimefukuzwa. Wako binti, sijui angesikia lipi. Wewe unaweza kukisia kuliko mimi.

Yapo pia mambo makavu ambayo mume wako ayajue kabla hajanunua tiketi. Kidato cha kwanza anachokitaja hakipo tena. Mtihani wa mwisho wa KCPE, ule wa kumaliza darasa la nane, ulifanywa 2023, na mfumo wa zamani wa elimu wa 8-4-4 unamalizikia na waliomo. Mtoto wa umri wake sasa angeingia gredi ya 8 au ya 9, kisha angefanya mtihani na kuchaguliwa mkondo wa sekondari ya juu. Yaani Kilifi pia angekuta watu wazima wamekaa mezani kuamua njia yake, umri ule ule. Tena angefanya kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili cha kuandika insha, ambacho si Kiswahili cha jikoni anachosema nawe. Umeona maandishi yake ya Kiswahili? Kama bado, mwombe akuandikie hata orodha ya vitu vya kununua sokoni Porta Palazzo.

Halafu kuna ile carta yake. Kibali cha muda mrefu cha Ulaya hupotea mwenye nacho akikaa nje ya nchi za Umoja wa Ulaya miezi kumi na miwili mfululizo. Miaka minne ya bweni, hata akija likizo, ni jambo la kupangwa kwa uangalifu mkubwa, maana lisipopangwa, lile "atarudi" la baba yake huenda likawa ni maombi mapya ya viza. Na kama mume wako ameandikishwa ukaazi tangu 2013 bila kukatika, miaka kumi inayotakiwa ili aombe uraia wa Italia imekwisha kupita. Kenya inaruhusu uraia pacha tangu Katiba ya 2010, kwa hiyo hangepoteza ule wa kwao. Mzazi akipata uraia, mtoto asiyefika miaka 18 anayeishi naye hufuata, ila sheria ya 2025 imeongeza sharti kwamba mtoto awe ameishi Italia kihalali miaka miwili mfululizo. Akiwa Kilifi, mlango huo unaweza kufungwa huku hakuna anayeutazama. Wapelekeeni watu wa patronato, zile ofisi za kusaidia watu na makaratasi ya serikali, makaratasi yenu muwaulize, ni huduma ya bure kwa mambo mengi. Nendeni wawili, wewe na mumeo. Binti abaki shule.

Vipi kama atabaki? Hapo nako si salama kwa sababu tu ni nyumbani. Mkisamehe na kila kitu kikaendelea kama jana, mwezi wa pili atakuwa nawe tena posta saa nne asubuhi.

Ile karatasi ya walimu huitwa consiglio orientativo, na neno consiglio ni ushauri tu, kama huu wangu. Haiwafungi. Familia ndiyo huandikisha mtoto, kwa mtandao, kwa kawaida kuanzia mwezi wa Januari, kwa kutumia utambulisho wa mtandaoni uitwao SPID au kitambulisho cha kielektroniki, nao nadhani anao mume wako. Tafadhali ugomvi wenu usije ukala tarehe hizo. Na kabla hamjaikataa hiyo professionale kwa aibu, jueni kwamba diploma yake ya miaka mitano inafungua mlango wa chuo kikuu kama ile ya liceo, na kati ya hizo mbili kuna istituto tecnico. Watoto wa wageni huko husukumwa mno kwenye shule za ufundi, hili walimu wenyewe husema, kwa hiyo mna haki ya kuuliza: mmeshauri hivi kwa sababu ya akili yake, au kwa sababu ya siku alizokosa? Majibu hayo mawili yanakwenda njia tofauti kabisa. Nami ningependa kujua pia ile liceo ni ya nani. Aliitaja kwa sababu anaitaka, au kwa sababu alijua ndiyo ingempigisha bibi yake vigelegele?

Kwa hayo yote kuna mkutano mmoja mnaohitaji, na walimu wameuomba wenyewe. Nendeni yeye asiwepo. Ombeni mediatore, au iwe Jumamosi kama shule inafungua, au baba achukue ruhusa ya siku moja. Mwambieni mwalimu aseme yote bila kupunguza. Uchungu wa maneno yale ni wenu, na kwa mara ya kwanza mtaubeba bila kumpitishia mtoto. Kisha muwe tayari kwa jambo ambalo huenda likawashangaza: binti anaweza kukasirika. Mnamwondolea mzigo, ndiyo, lakini mnamvua na cheo. Miaka mitano amekuwa mtu muhimu kuliko wote katika nyumba ile. Mtoto wa darasani kwake hana kazi kubwa kama hiyo, na pengine anaijivunia kuliko anavyosema. Nadhani lile swali la jikoni, nani ataenda na wewe kwa daktari, lina mapenzi na vitisho vyote viwili, na vilevile lina swali la kweli ndani yake. Anauliza atakuwa nani kwako asipokuwa mdomo wako. Sijui kama umewahi kumjibu.

Na wewe. Yale madarasa ya watu wazima, ya CPIA, bado yapo, bado ni bure, na mengine ni ya asubuhi baada ya saa unayotoka kazini. Kicheko cha yule kijana nakiheshimu, najua kicheko kimoja kinavyoweza kufunga mlango miaka saba. Sitakudanganya kwamba utakiweza Kitaliano kufikia mwezi wa sita. Utachoka, utasinzia, kuna wiki utaruka. Lakini hesabu maneno unayoyajua tayari: mtu aliyeandika bagnato anajua kuwa sakafu ina maji, na mtu aliyemtuliza jirani kwa sambusa anajua lugha zaidi ya anavyojisifu. Kiwango kinachotakiwa kwa ile carta ni A2, nacho ni kujieleza katika mambo ya kila siku. Kuna akina mama huanza na yule jirani. Wako yuko ghorofa ya chini, naye mzee, na sambusa zako amekwisha kuzionja. Mpelekee nyingine siku moja, uende bila mtoto. Mtakosana maneno nusu saa nzima, na hakuna atakayekuwa katikati kuyalainisha.

Nikubaliane na baba yake, umeuliza. Ningekuomba mrudie swali hilo pamoja baada ya kumaliza kwanza la shule na la uandikishaji, na binti akiwa amesikilizwa, si kwa kuhojiwa. Labda mtaona Kilifi ni likizo ndefu ya Julai na Agosti, akae na shangazi akijua tarehe ya kurudi. Labda mtaona ni mwaka mzima, mkiwa mmejua bei yake. Hayo ni yenu.

Niandikie baada ya huo mkutano, unieleze mwalimu alisema nini hasa. Uandike kama ulivyoandika hii, kwa urefu wake, na yule bibi na shingo yake nyekundu umtie ndani. Ulipofika pale kwenye tramu, mliporudi bila kusema neno, niliweka kalamu chini nikaenda kuteleka chai.

Wako,
Bi Mshauri